Mita 18 za kwanza ndizo zinazoamua mbio za magari ya nguvu

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu mashindano ya magari ya michezo katika mstari mnyoofu, yale ambayo wapenzi wake huyaita dragi. Makala iliandikwa kwa lugha nzuri na picha zake zilivutia, lakini kila gari lililotajwa lilipimwa kwa kipimo kimoja tu, yaani idadi ya farasi (kipimo cha nguvu) wa injini yake, na msomaji asiye mzoefu ameachwa akiamini kwamba mwenye farasi wengi ndiye mshindi, na kwamba kazi ya dereva ni kukanyaga mafuta hadi mwisho mara taa ya kijani inapowaka. Mimi ni fundi wa magari, mzaliwa wa Tanga, ninayefanya kazi Muscat, na katika eneo hili la Ghuba mchezo huo una viwanja vyake rasmi, kama vile Sakhir nchini Bahrain, Qatar Racing Club mjini Doha na Yas Marina kule Abu Dhabi. Dereva anayeujua mchezo, anapoleta gari karakana kabla ya msimu, haanzi na habari za farasi. Anauliza juu ya matairi, upepo, springi na namna gari litakavyoondoka katika futi 60 za mwanzo, ambazo ni mita 18 na kidogo, kwa sababu anajua kwamba hapo ndipo ushindi unapopatikana au kupotea.

Mfano ulio wazi ni wa gari la Kimarekani, Dodge Challenger SRT Hellcat, lililotoka kama toleo la mwaka 2015 likiwa na farasi 707. Kampuni yenyewe ilitangaza nyakati mbili za gari hilo katika robo maili, yaani mita 402, ambao ndio umbali wa mbio hizi. Likiwa na matairi yake ya kiwandani lilitumia sekunde 11.2 na kuvuka mstari wa mwisho kwa mwendo wa maili 125 kwa saa. Lilipovishwa matairi laini ya dragi, bila injini kuongezewa farasi hata mmoja, lilitumia sekunde 10.8 na kuvuka kwa maili 126. Mwendo wa mwishoni haukubadilika kwa kiasi cha kutajika, kwa kuwa mwendo huo ndio unaoonyesha nguvu ya injini, na injini ilikuwa ile ile. Kilichopungua ni muda, na muda huo uliokolewa karibu wote mwanzoni, mahali ambapo matairi ya kiwandani yalikuwa yakizunguka bila kusukuma. Sehemu nne za kumi za sekunde huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa mwendo ule ni zaidi ya mita 22, unaozidi urefu wa Challenger nne zilizopangwa moja nyuma ya nyingine.

Sababu yake ni hesabu isiyohitaji kompyuta. Gari husogezwa na msuguano kati ya mpira wa tairi na ardhi, na msuguano huo una kikomo kinachotokana na uzito ulioukalia mpira pamoja na ubora wa mpira wenyewe na wa lami iliyo chini yake. Tuchukue gari la kilo 1,600 linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye nusu ya uzito wake nyuma, na lililovaa matairi mazuri ya barabarani ambayo yanaweza kusukuma kwa nguvu inayolingana na uzito yanaoubeba. Gari hilo likiondoka, sehemu ya uzito huhama kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa kimo na urefu wa kawaida wa magari ya namna hii uzito huo hufika kama kilo 180. Hata kwa msaada wa kilo hizo, matairi ya nyuma hayawezi kulipatia gari mchapuko, yaani kasi ya kuongeza mwendo, unaozidi asilimia 61 hivi ya mvutano wa dunia, na kwa mchapuko huo litafika kilomita 100 kwa saa baada ya sekunde 4.6, injini iwe na farasi 400 au 1,400. Lipitapo kilomita 50 kwa saa, farasi wanaoweza kufika ardhini bila tairi kuteleza hawazidi 180; waliobaki wote hugeuka moshi. Gari lile lile lingesukumwa na magurudumu yote manne, uzito wake wote ungefanya kazi na zile sekunde 4.6 zingeshuka hadi karibu 2.8. Ndiyo maana Nissan GT-R huweza kuliacha nyuma, katika mita za mwanzo, gari lenye farasi mara mbili yake linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ndiyo maana Porsche 911, ambayo injini yake imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, imekuwa na sifa ya kuondoka vizuri tangu zamani.

Wahandisi wa Dodge walilizingatia hilo walipotengeneza Challenger SRT Demon ya mwaka 2018. Wenzangu wengi huzungumzia farasi wake 840, ambao hupatikana kwa petroli ya mashindano, lakini kwa jicho la fundi mambo mengine ndiyo ya kutazamwa. Rimu zake ni za inchi 18 badala ya zile za inchi 20 za Hellcat, ili tairi lipate ukuta mrefu unaoweza kujikunja na kupokea kishindo, upana wa tairi ni milimita 315 kwenye magurudumu yote manne, springi zimelainishwa, kiti cha abiria kimeondolewa, na gia boksi imewekewa breki ya ndani inayolizuia gari lisisogee huku injini ikivuta, kitu ambacho hapo kabla kilikuwa cha magari ya mashindano tu. Kwa mpango huo gari zito la petroli, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lilikamilisha robo maili kwa sekunde 9.65.

Kuhusu springi hizo, naomba nitulie kidogo, kwa maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kijana akinunua gari la nguvu, iwe hapa Muscat au huko Dar es Salaam na Nairobi, jambo la kwanza ni kulishusha na kulifunga springi ngumu, kisha rimu kubwa zenye matairi ya ukuta mfupi. Katika kona mabadiliko hayo yana faida. Katika dragi, gari lililoshushwa huhamisha uzito mdogo zaidi kwenda nyuma kwa sababu kitovu chake cha uzito kimesogea karibu na ardhi, na springi ngumu hulipiga tairi kishindo cha ghafla ambacho hulifanya liteleze kabla halijashika. Tairi likianza kushika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, sehemu ya nyuma ya gari hurukaruka, na kuruka huko ndiko kunakovunja shafti na difu kuliko nguvu ya injini yenyewe. Fundi akitaka kujua kilichotokea hana haja ya kumuuliza dereva. Anatazama alama zilizoachwa chini. Mistari miwili myeusi iliyoanza hafifu na kukolea sawasawa ni ya gari lililoondoka vizuri, na mistari iliyokatikakatika vipande vidogo ni ya gari ambalo mwenyewe ajiandae kununua shafti.

Makala yenu haikugusa kabisa habari ya lami. Kiwanja rasmi cha dragi hupuliziwa gundi maalumu, kisha hupitishiwa mashine yenye matairi inayokokotwa juu yake mpaka mpira ujipake na kuwa tabaka moja na gundi. Mtu akitembea kwenye kianzio kilichoandaliwa vizuri akiwa amevaa kandambili, mguu hutoka mtupu na kandambili hubaki chini; hata kiatu cha kamba hulia kila kisigino kinapoinuliwa. Juu ya tabaka hilo tairi la dragi huweza kusukuma kwa nguvu inayozidi kwa mbali uzito linaoubeba, na ile hesabu ya sekunde 4.6 niliyoitoa hapo juu huanguka. Lakini tabaka lenyewe lina masharti. Jua la mchana likiichemsha lami, gundi hulainika na kuanza kuteleza, na hiyo ni sababu mojawapo ya mbio za Ghuba kufanyika miezi ya baridi, hasa usiku, wakati ambapo hewa nzito ya baridi pia huipa injini oksijeni zaidi. Vumbi la jangwani likitua juu yake, kazi ya siku nzima huharibika.

Jarida la Kimarekani la MotorTrend lilionyesha vizuri uzito wa jambo hili mwaka 2021 lilipoipima Tesla Model S Plaid, gari la umeme lenye farasi zaidi ya 1,000. Kwenye lami iliyopakwa gundi gari lilifika maili 60 kwa saa, yaani kilomita 97, kwa sekunde 1.98, kwenye lami ya kawaida lilitumia 2.07. Jarida lilitaja lami zote mbili, na likaeleza kwamba futi ya kwanza ya safari haikuhesabiwa, kama ilivyo desturi ya upimaji wa Marekani. Tofauti hiyo ilijitokeza katika gari linalosukumwa na magurudumu yote manne na linalodhibiti umeme wake kwa kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuikaribia. Kwa gari la magurudumu ya nyuma linaloendeshwa kwa mguu na klachi, pengo huwa kubwa zaidi.

Matairi nayo hayataki pupa. Tairi la dragi hupunguzwa upepo, mara nyingi hadi chini ya pauni 20 kwa inchi ya mraba, ili likae chini kwa eneo kubwa na ukuta wake ujikunje, ilhali tairi la kawaida la barabarani likipunguzwa kiasi hicho huinuka katikati na kusukuma kwa kingo tu. Ule moshi mzito ambao wapiga picha wenu waliupenda, wa dereva kuunguza tairi kabla ya kuondoka, una kazi ya kulipasha joto tairi la dragi na kuliondolea uchafu, na sekunde chache zinatosha. Mwenye matairi ya barabarani akifanya hivyo kwa muda mrefu hulichemsha tairi lake mpaka likawa na utelezi, na zaidi ya hapo akipita kwenye dimbwi la maji la kuunguzia, mifereji ya tairi lake hubeba maji hadi kwenye kianzio na kumwaga pale pale anapohitaji pakavu, naye anayemfuata hurithi balaa hilo. Mtu wa namna hiyo anatakiwa kulizunguka dimbwi, azungushe matairi kidogo tu kuyasafisha, kisha asogee kwenye mstari.

Sasa nije kwa dereva. Tairi hushika vizuri zaidi linapozunguka kwa haraka kidogo kuliko ardhi inayopita chini yake, tuseme kwa asilimia 10 hadi 20. Likipita hapo mshiko hushuka, na kuongeza mafuta huongeza moshi tu. Kazi yote ya kuondoka ni kulifikisha tairi kwenye kiwango hicho na kulishikilia hapo. Mwenye gari la klachi ya mguu hupandisha injini kwenye mizunguko aliyoichagua kwa majaribio, kisha huiachia klachi haraka mpaka pale inapouma na kuipa nafasi ndogo ya kuteleza kabla ya kuiachia yote, huku mguu wa kulia ukiongeza mafuta kwa kadiri gari linavyopokea. Akiitupa klachi ghafla, katika gari la magurudumu ya nyuma matairi yatazunguka mahali pamoja. Katika gari la magurudumu manne lenye mshiko mkubwa, kishindo kitatafuta sehemu dhaifu, na waliowahi kumiliki Subaru Impreza WRX za zamani zenye gia tano wanajua kwamba sehemu hiyo ni gia boksi.

Katika gari la otomatiki dereva hushikilia breki kwa mguu wa kushoto na kupandisha mafuta kwa mguu wa kulia mpaka turbo ianze kujaza upepo, kisha huachia breki na kumalizia mafuta hatua kwa hatua. Magari mengi ya siku hizi yenye klachi mbili yana mfumo wa kudhibiti mwondoko unaofanya hesabu hizi wenyewe, na kwa dereva wa kawaida mfumo huo hushinda mguu wake. Hata hivyo hauondoi gharama. Nissan GT-R ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 2008, baadhi ya wenye magari walivunja gia boksi kwa kuondoka mara kwa mara wakiwa wamezima mfumo wa kuzuia kuteleza, na kampuni ikaja kuandika upya programu ili gari liondoke kwa mizunguko ya chini zaidi. Na matairi yakiteleza njiani, dereva anayeendelea kukanyaga akitumaini yatashika amekwisha kupoteza, maana mpira unaoteleza una mshiko mdogo kuliko mpira unaoviringika. Inambidi alegeze mguu kwa kitambo kidogo, asikie nyuma ya gari ikitulia, ndipo arudishe mafuta. Jambo hilo ni rahisi kuliandika na gumu kulifanya, kwa sababu mguu wa mtu aliyeona mpinzani akimpita haupendi kulegea.

Kuhusu taa za kuanzia, ambazo kwa umbo lake huitwa mti wa Krismasi na zimetumika Marekani tangu miaka ya 1960, niseme kwa ufupi kwamba saa ya mbio haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza tairi la mbele linapoacha kuukata mwali wa mwanga uliopita kwenye kianzio, na dereva aliyelisogeza gari mpaka likaugusa mwali huo kwa shida hupata kama sentimita 30 za kukimbia kabla saa haijaanza kuhesabu. Muda wa dereva kuitikia taa hurekodiwa pembeni. Kwa hiyo gari lenye muda mfupi zaidi laweza kabisa kushindwa mbele ya macho ya watu kwa sababu mwenyewe alichelewa kuondoka, jambo ambalo mwandishi wenu alilieleza kama hitilafu ya mitambo.

Lililonisukuma hasa kuandika ni aya ile mliyomnukuu kijana mmoja akijisifu kwamba gari lake la farasi 800 halijashindwa katika barabara kuu usiku. Hatari kwa watumiaji wengine wa barabara ni dhahiri na sheria iko wazi, lakini hata tukilitazama kwa macho ya ufundi peke yake, majigambo hayo hayapimi chochote. Barabara ya kawaida imejengwa na mgongo katikati ili maji yatiririke pembeni. Ina vumbi, matone ya dizeli ya malori na rangi ya mistari, ambayo ikipata umande huteleza kama sabuni. Tairi lina akiba moja ya mshiko, na likiitumia yote kuzunguka kwa kasi halibakiwi na kitu cha kulizuia gari lisiende upande. Hivyo matairi mawili ya nyuma yanapoteleza juu ya mgongo wa barabara, sehemu ya nyuma ya gari hushuka kuelekea ukingoni yenyewe, bila usukani kuguswa, na katika gari la farasi 800 hayo hutokea kabla dereva hajaelewa kinachoendelea. Kiwanjani kuna ukuta wa zege kila upande, gundi chini, wazima moto pembeni na njia ndefu ya kupunguzia mwendo baada ya mstari wa mwisho. Kwenye barabara kuu kuna mtaro na mwenda kwa miguu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapoandika habari za gari lolote la nguvu, pamoja na farasi wake wekeni aina ya matairi lililovaa, hali ya lami na muda wa futi 60. Gari la michezo lenye matairi ya barabarani hutumia takriban sekunde mbili katika umbali huo, na lililovaa matairi ya dragi kwenye lami iliyopakwa gundi hukaribia sekunde moja na nusu, kwa hiyo msomaji akiipata namba hiyo moja atajua mara moja kama anasoma habari za gari au za injini. Kadiri wenye mchezo wanavyohesabu, kila sehemu ya kumi ya sekunde inayookolewa hapo mwanzoni huzaa sehemu moja na nusu ya kumi, pengine hata mbili, mwishoni mwa robo maili. Mwandishi wenu hatahitaji kufanya utafiti wowote. Katika kiwanja rasmi kila dereva, akitoka kwenye mbio, hupewa karatasi ndogo iliyochapwa muda wake wa kuitikia taa, muda wa futi 60, wa nusu ya njia na wa robo maili, pamoja na mwendo aliovukia mstari. Amwombe dereva karatasi hiyo na kuipiga picha kabla hajapiga picha ya moshi.

Wenu msomaji,
Fundi wa magari,
Muscat, Oman